Jiwe la Tanga lipo kweli, ila 1595 siyo mwaka

Marahaba mdogo wangu, na pole na mlima, najua umeandika hili swali ukiwa umeshuka siku ileile maana ujumbe wako una makosa ya mtu ambaye vidole bado vina baridi.

Kwa wengine ambao hawajaona swali lenyewe: huyu ni mgumu, yani mpagazi, anapanda njia ya Machame. Anasema walikuwa kambi ya Barafu, usiku anga liko wazi, wanasubiri kuwaamsha wageni waanze safari ya kileleni, mgeni mmoja ambaye usingizi umemgomea akatoka na simu akawaonyesha kwamba kuna jiwe huko angani linaitwa 1595 Tanga. Basi mpishi wao, ambaye kwao ni Muheza, akaruka kama kapigiwa simu na bahati nasibu, huo mji wetu huo! Gaidi msaidizi (gaidi wa mlimani, msishtuke) akambishia, akasema acha uongo, 1595 si mwaka huo, enzi za Wareno, Tanga gani ya kwenu, hilo litakuwa neno la kizungu tu limefanana. Wakawekeana kreti la soda. Sasa ananiuliza nani mkweli, nani alilipa hilo jina, linaonekana kwa macho, na mwisho anataka kujua wao wagumu wakitaka jiwe liitwe Mawenzi wanafanyaje, maana kaona mtandaoni kuna watu wanauza majina ya nyota kwa dola na unatumiwa na cheti.

Nianze na soda. Mpishi yuko sahihi, Tanga hiyo ni Tanga hii hii, ya bandari na mkonge. Na mwaka 1595 hakuna mtu yeyote duniani aliyekuwa na darubini, darubini ya kwanza kujulikana ilitokea Uholanzi mwaka 1608, Wareno wenyewe mwaka huo wako Mombasa wanahangaika kujenga Ngome ya Yesu, wangeona jiwe kama hilo na nini? Ile 1595 ni namba ya usajili, kama pleti namba ya gari. Ila namba yenyewe ina stori tamu kuliko jina, na stori hiyo ndo itakujibu mpaka swali lako la Mawenzi, kwa hiyo vumilia kidogo.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Kati ya Mirihi na Mshtarii, ile Jupita ya kwenye vitabu vya shule, kuna eneo pana sana ambalo mawe na vyuma vya kila saizi vinazunguka jua, tunaita ukanda wa asteroidi. Vingine ni vidogo kama nyumba, vingine vina upana wa mamia ya kilomita. Usifikirie yale ya kwenye muvi ambapo rubani anakwepa mawe kama daladala inavyokwepa mashimo, nafasi kati ya jiwe na jiwe ni kubwa mno, vyombo vimepita humo mara nyingi tu bila kugusa kitu. Ukiyakusanya yote ukayafinyanga donge moja hulipati hata moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi wetu. Wataalamu wanaita pia sayari ndogo. Neno sayari lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, maana yake kitu kinachotembea, na hapa nikaja kucheka peke yangu, maana sisi tuna kutangatanga, kwa hiyo Tanga inatangatanga na kila mtu ameridhika.

Haya, Johannesburg. Pale juu ya kilima kulikuwa na kituo cha kuangalia anga kinaitwa Union Observatory, maarufu zaidi kwa sababu mkurugenzi wake Robert Innes ndo aligundua mwaka 1915 nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri. Baada ya Innes akaja Harry Edwin Wood, Mwingereza, huyu alishaanza kukamata asteroidi toka 1911, ya kwanza ikaitwa Transvaalia. Chini yake akawepo kijana anaitwa Cyril Jackson, kazaliwa Uingereza 1903, kaletwa Afrika Kusini bado mtoto. Jackson alikuwa na ugonjwa wa haya mawe, maishani mwake amehesabiwa 72 kwa jina lake, ukiacha nyota mkia alizochangia kugundua. Usiku wa tarehe 19 Juni 1930, Jackson na Wood wakakamata moja, ndo hii Tanga.

Wanakamataje? Enzi hizo hakuna kompyuta. Unafunga sahani ya kioo iliyopakwa dawa ya picha nyuma ya darubini, unaiacha ipokee mwanga muda mrefu huku darubini inafuata nyota zinavyosogea, afu unaisafisha gizani kama picha za zamani za studio. Nyota zinatoka vidoti. Kitu kilichosogea wakati picha inapigwa kinatoka kamstari kafupi. Au unapiga sahani mbili kwa nyakati tofauti, unaziweka kwenye mashine inayokuonyesha hii, hii, hii, hii, haraka haraka, nyota zote zinatulia ila kidoti kimoja kinarukaruka kama kiroboto. Hicho ndo chako. Unakaa na lenzi jicho linauma, sahani moja ina nyota maelfu, na huo ni usiku mmoja.

Sasa angalia hizi tarehe. Tanga 19 Juni 1930. Kenya na Uganda, ndio, zipo zote mbili, namba 1278 na 1279, Jackson alizikamata usiku mmoja tarehe 15 Juni 1933, majirani mpaka angani. Ruvuma, 1427, Mei 1937. Pemba na Mombasa, Julai 1937. Unaona kitu? Juni, Juni, Mei, Julai. Mi nilivyoona hii mara ya kwanza nikadhani labda ndo ilikuwa likizo yao, kumbe ni jiografia.

Asteroidi inang'aa vizuri inapokuwa upande wa pili kabisa wa jua, yani jua likizama yenyewe inachomoza, inakaa juu usiku kucha. Mwezi wa sita jua limeenda kaskazini, kwa hiyo upande wa pili wa jua ni kusini kabisa mwa anga, kule kwenye kundi la Nge na jirani zake. Wazungu wa Heidelberg na kwingineko, waliokuwa vinara wa hiyo kazi, mwezi wa sita wana usiku mfupi hata giza halikolei, na hilo eneo la anga linawatambalia chini kwenye miti na mabomba ya moshi. Johannesburg mwezi huohuo ni kipupwe, usiku mrefu, mvua hakuna, hewa kavu, na hilo eneo lote liko utosini. Kwa hiyo kila mwaka kuna miezi ambapo duka lilikuwa la Jackson peke yake karibu, na yeye akavuna. Sisi Moshi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, tungefaidi kuliko wote, njia ya sayari inatupita karibu na utosini mwaka mzima, ila mwezi wa sita na wa saba si unajua huku chini mawingu yanakaa kama blanketi, mnaofaidi ni nyie mlioko Barafu juu ya mawingu, na mnafaidi huku mnasaga meno.

Sasa turudi kwenye namba maana hapa ndo gaidi wako alipopotea, na hayuko peke yake. Tanga ilionekana 1930. Kenya ilionekana 1933, Ruvuma 1937. Kama namba zingetolewa kwa kuonekana, Tanga ingetangulia. Lakini Kenya ni 1278, Ruvuma ni 1427, Tanga ni 1595, ya mwisho kabisa. Kwa nini aliyekuja wa kwanza kwenye foleni kahudumiwa wa mwisho?

Kwa sababu kuona sio kugundua. Narudia, kuona jiwe siyo kuligundua. Ukiona kidoti usiku mmoja unachojua ni kwamba kulikuwa na kidoti. Hujui kiko mbali kiasi gani, hujui kinaenda kasi gani, hujui kesho kutwa utakikuta wapi, na baada ya wiki kadhaa jua linakisogelea unakipoteza kabisa. Ni sawa na mtu kapita stendi ya Moshi mjini saa kumi na mbili jioni kavaa shati jekundu, afu mwakani mtu anakuambia nitafutie yule. Kumjua ni mpaka ujue anakaa wapi, anapanda basi gani, siku zipi. Kwa asteroidi hiyo anwani inaitwa obiti, njia yake ya kuzunguka jua, na ili uijue kwa uhakika unahitaji kuliona jiwe tena na tena, tena siyo mwaka mmoja, linapotea nyuma ya jua, linarudi, unalikuta pale hesabu zako zilipokuambia utalikuta. Likikaa mahali pake mara kadhaa hivo, ndo linapewa namba ya kudumu, na namba ndo inafungua mlango wa jina. Tanga ilisubiri foleni mpaka hesabu zake zikatulia.

Kabla ya namba jiwe lina jina la muda, na hilo ukijua kulisoma utawashangaza wageni wako. Tanga iliitwa 1930 ME. Mwaka umeuona. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni nusu ya kwanza ya Januari, B nusu ya pili, hivo hivo ukiruka I kwa sababu inafanana na moja, ukifika M ni nusu ya pili ya Juni. Herufi ya pili ni foleni ndani ya hiyo nusu mwezi, E ni ya tano. Kwa hiyo 1930 ME inasema: wa tano kuripotiwa nusu ya pili ya Juni 1930. Kenya ilikuwa 1933 LA na Uganda 1933 LB, yani Kenya ilitangulia kwa herufi moja, msiwaambie Wakenya watatusumbua.

Na hili la kuona bila kujua siyo dogo, hii sayansi nzima ilianza kwa kupoteza. Tarehe 1 Januari 1801 padri mmoja Palermo, Sicily, anaitwa Giuseppe Piazzi, alikuwa anaandaa orodha ya nyota, akaona moja inahama kila usiku. Akaifuata mpaka tarehe 11 Februari, akaumwa, na alipopata nafuu kitu kimeshaingia kwenye mwanga wa jua. Ulaya nzima ikaanza kuhangaika, wanajua kuna sayari mpya ila hawajui iko wapi, aibu ilioje. Kijana wa miaka 24 Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, akakaa na zile namba chache za Piazzi, akabuni njia ya kukokotoa obiti kwa vipimo vichache, akasema tafuteni hapa. Tarehe 31 Desemba 1801 Franz Xaver von Zach akaikuta karibu na alipoelekeza, kesho yake usiku Heinrich Olbers naye akaiona. Hiyo ndo Ceres, namba 1, ina upana wa karibu kilomita 940, na toka 2006 inahesabiwa sayari kibete. Sasa niambie, Ceres kaigundua nani, Piazzi au Gauss? Vitabu vinasema Piazzi na mi sibishi, ila bila Gauss Piazzi angebaki na stori ya kusimulia kwenye mbege tu.

Mi mwenyewe yamenikuta. Miaka ile niko bado nafundisha fizikia, tulipata darubini ya kuazima yenye kamera, wanafunzi wakapiga picha usiku mbili mfululizo tukiwa kule juu Marangu, tukazilinganisha kwenye laptopu na kweli kidoti kikaruka. Shule nzima ikapiga kelele! Nilishaanza mpaka kufikiria jina, nawaficheni. Baada ya saa moja ya kukagua kwenye kanzidata tukakuta jiwe lilishasajiliwa miaka mingi kabla sijazaliwa, lina namba na lina jina la mke wa mtu. Watoto walisikitika kuliko nilivyotegemea ila mi nilifurahi baadae, maana tuliliweza kulikuta mahali ambapo hesabu zilisema litakuwepo, na hiyo ndo kazi yenyewe.

Nani alilipa jina la Tanga basi. Desturi ni kwamba aliyegundua ndo anapendekeza, na ukiangalia orodha ya Jackson utajua alikuwa na ramani ya Afrika ukutani. Limpopo, Zomba, Kampala, Nyanza, Ruanda, Somalia, Ethiopia, Umtata, hata mfalme Chaka yumo. Lusaka kaiandika Losaka, na imebaki hivo mpaka leo. Wengine wanaona hii ni heshima kubwa, wengine wanasema ni ukoloni umehamia angani, mtu kakaa Johannesburg anagawa majina ya mito yetu na hakuna mmoja wetu aliyeulizwa. Mi nasimama katikati kidogo ila naegemea upande mmoja: wenzake wa Ulaya walikuwa wanajaza anga na majina ya wake zao, wafadhili wao na miungu ya Kigiriki mpaka ikaisha, huyu akaandika Ruvuma. Ningependa kuwa na Mmakonde aliyeliandika mwenyewe, ndio, lakini kati ya Ruvuma na jina la mfanyabiashara wa Berlin nachukua Ruvuma. Na Pemba, kabla mtu hajasema ni ile ya Msumbiji, mji ule wakati huo Wareno walikuwa wanauita Porto Amélia, jina la Pemba wamelirudisha baada ya uhuru.

Kuna mwingine wa kwetu angani ambaye hakupitia kwa Jackson. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, mtoto wa Unguja, ana jiwe lake namba 17473, limegunduliwa 1991 mwaka aliofariki, kule La Silla nchini Chile, na jina likatangazwa 2016 kuadhimisha miaka 70 ambayo angetimiza. Linaandikwa Freddiemercury neno moja limeungana, na hiyo siyo makosa ya uchapaji, nitakuja kukuambia kwa nini.

Unaweza kuliona Tanga ukiwa Barafu? Hapana. Hata ungekuwa na macho ya mwewe, na hata kwa darubini ya mkononi ya mgeni, ni dogo na hafifu mno, unahitaji darubini ya maana na kamera. Lakini kuna moja unaweza, na ukiwa juu pale una nafasi nzuri kuliko sisi wa Majengo na Kiborloni wenye taa za mitaani: Vesta, namba 4, ambayo Olbers aliikuta 1807. Ndo asteroidi pekee ya ukanda ule ambayo ikiwa karibu na sisi macho matupu yanaweza kuikamata kwenye giza zuri, kidoti hafifu tu ambacho usipoambiwa kipo wapi hukitambui. Pakua programu ya ramani ya anga kwenye simu ukiwa bado na mtandao, tafuta Vesta, iangalie usiku wa kwanza na nyota zilizoizunguka, chora hata kwenye karatasi ya mboga, usiku wa tatu angalia tena. Ukikuta imesogea, umefanya alichofanya Piazzi.

Na Vesta itakuhusu kikazi. Ina upana wa kilomita 525 hivi, chombo cha Marekani kinaitwa Dawn kiliizunguka 2011 mpaka 2012, na upande wake wa kusini kuna shimo la mgongano linaitwa Rheasilvia lenye upana wa karibu kilomita 500, yani karibu sawa na jiwe lenyewe, katikati ya shimo kuna mlima umesimama zaidi ya kilomita 20 kutoka chini yake. Kilimanjaro ni mita 5,895. Weka Kibo tatu moja juu ya nyingine bado hujafika. Ila msikate tamaa, mvuto wa kule ni mdogo sana, ule mzigo wa kilo 20 mnaopimiwa getini ungejisikia kama nusu kilo ya sukari, mngepanda mnaimba. Kreti la soda pia mngebeba kwa kidole.

Vipande vya asteroidi vinatufikia pia. Ukienda Mbozi, mkoa wa Songwe, kuna kile kimondo cha chuma kinachokadiriwa tani 16 hivi, wenyeji walikijua kabla wazungu hawajakiandika mwaka 1930, mwaka uleule wa Tanga, sijui huo mwaka ulikuwa na nini. Vyuma vya aina hiyo vilipikwa ndani ya matumbo ya asteroidi zilizoyeyuka zamani sana mwanzoni mwa mfumo wa jua, chuma kikazama katikati, baadae zikagongana zikapasuka, kipande kikatangatanga mpaka kikaangukia kwetu.

Haya, Mawenzi sasa. Wale wanaouza majina ya nyota, weka pesa yako mfukoni. Kinachouzwa pale ni karatasi. Chombo kinachotambulika kwa majina ya angani ni Umoja wa Kimataifa wa Astronomia na wenyewe hawauzi jina la kitu chochote, si nyota si asteroidi. Jirani yangu mmoja alimnunulia mchumba wake nyota, wakaachana, sijui nyota kachukua nani.

Kwa asteroidi njia ni ndefu ila ni ya wazi. Jiwe likionekana taarifa zinaenda Minor Planet Center, kituo kilichoanza 1947 Cincinnati na sasa kiko Cambridge, Massachusetts, huko ndo wanapounganisha vipimo vya dunia nzima na kukokotoa obiti. Obiti ikithibitika jiwe linapata namba, na kuanzia hapo aliyegundua ana miaka 10 ya kupendekeza jina, anaandika na maelezo mafupi ya kwa nini, kamati ya hao wana astronomia inakaa inakubali au inakataa. Masharti: jina lisizidi herufi 16, na bora liwe neno moja, ndo maana Freddie kaunganishwa. Litamkike. Lisifanane mno na lililopo, lisiwe tusi kwa lugha yoyote, lisiwe tangazo la biashara, kwa hiyo kampuni yenu ya utalii sahau. Mwanasiasa au mwanajeshi mpaka apite miaka 100 toka afariki, sharti ambalo binafsi nalipenda kuliko yote. Paka na mbwa wanashauriwa wasipendekezwe. Mawenzi ni herufi saba, linatamkika, haliuzi kitu.

Kinachokosekana ni jiwe. Na hapa mambo yamebadilika toka enzi za sahani za kioo, siku hizi darubini kubwa zinapiga anga zima zenyewe na kompyuta ndo inatafuta kidoti kinachoruka, ile mpya ya Vera Rubin kule Chile ilipotoa picha zake za kwanza Juni 2025 ilikuwa imeshakamata asteroidi mpya 2,104 kwa masaa kama kumi ya kazi. Jackson maisha yake yote 72. Zinazojulikana sasa zimepita milioni 1.3, zenye namba zimepita 700,000, na zenye majina ni 20,000 na ushee tu, yani mawe yasiyo na jina ni mengi kuliko watu wa Moshi mara kadhaa, wagunduzi wamechoka kutunga majina. Kwa hiyo njia ziko mbili. Moja ni kumwandikia mgunduzi au kituo chenye mawe ya namba yasiyo na jina, mkamweleza Mawenzi ni nini na kwa nini mnalitaka, kuna wanaokubali mapendekezo kama hayo, ni bure, mnalipia muda wa kuandika barua nzuri. Nyingine ni kutafuta la kwenu: kuna mpango wa kimataifa unaitwa IASC ambao unatoa picha halisi za darubini za Hawaii kwa vikundi vya wanafunzi na watu wa kawaida, bure, na programu ya kuzikagua, mnatafuta kidoti kinachoruka mnaripoti. Laptopu ya kawaida inatosha na bando siyo kubwa. Ila nikuambie ukweli, kutoka kidoti mpaka namba ni miaka, si miezi, na jiwe lenu linaweza likaonekana mara mbili likapotea kama la Piazzi, mkakaa mnasubiri mtu mwingine alikute.

Msimu wa mvua mkiwa hamna kazi mlimani njooni, mi nipo, laptopu ninayo, tutajaza fomu ya kikundi pamoja. Njoo na huyo gaidi, anaonekana anapenda kubisha, na kazi hii inataka mtu anayebisha kila kidoti. Soda alipe yeye. Lakini mpishi naye achangie mbili tatu, maana umeniandikia kwamba alivyoona jina tu akasema hilo jiwe litakuwa limegunduliwa na mtu wa Muheza.